Mvua ya Darasa la Nne

Jumatatu, kipindi cha pili, mwalimu wa sayansi alibandika ukutani mchoro wa dunia: karatasi nne za manila zilizoungwa kwa gundi, kazi ya wikiendi nzima. Jua lilipasha bahari joto, mvuke ukapanda, wingu likanyesha mlimani, mto ukashuka ukinywesha udongo na mimea. Mishale ilikuwa myekundu.

"Ukigusa kimoja, umegusa vyote," aliwaambia watoto.

Binti yake, wa dawati la mbele, alinyoosha kidole. Shuleni alimwita mzazi wake kama wenzake walivyomwita.

"Mwalimu, umesahau kiwanda."

Kweli alikuwa amekisahau. Kiwanda cha ngozi kilionekana dirishani, na bomba lake likimwaga taka mtoni, hatua mia mbili tu juu ya pampu inayovuta maji ya shule. Akachukua kalamu nene, akachora kiwanda na bomba lake.

Jumanne asubuhi mto wa mchoroni ulikuwa wa kahawia. Kufikia saa nne samaki waliochorwa walikuwa wakielea matumbo juu. Alhamisi wingu lilinyesha. Matone mazito ya manjano, yenye manyoya na uvundo wa ngozi iliyooza, yaliangukia safu ya tatu. Watoto walisogeza madaftari, kama wafanyavyo paa likivuja, na kipindi kikaendelea. Mwalimu aliwauliza mvua hiyo imetoka wapi. Darasa zima lilipata jibu.

Mchana alimleta mwalimu mkuu ajionee. Mkuu alijiziba pua kwa tai.

"Madawati haya tumepewa na kiwanda, mwalimu. Ndiyo unayamwagia uchafu?"

"Uchafu ni wa kiwanda, mkuu. Naomba mfereji wa maji ya kunywa wa shule ufungwe. Watoto wana vidonda midomoni. Wangu pia anavyo."

"Tumsubiri mkaguzi," alisema mkuu, akampa kisogo.

Mkaguzi alifika Jumatatu iliyofuata. Alifungua mwavuli humo darasani, akakagua mchoro mshale kwa mshale, akamvika mwalimu kilemba cha ukoka mbele ya wanafunzi: mifumo inaingiliana vizuri ajabu, wilaya nzima hajaona mfano wake. Kasoro ni moja tu. Bomba halimo kwenye mtaala.

Akaagiza rangi nyeupe. Mlinzi wa shule akalipaka bomba la mchoroni mara tatu, na bomba, sasa jeupe, likaendelea kumwaga vilevile.

"Naam, sasa halionekani," mkaguzi alisema kwa uso mkavu, akaandika kwenye fomu: *imesahihishwa*.

"Na mfereji, mzee?" mwalimu aliuliza. "Watoto wanakunywa maji haya haya."

"Mimi nimekuja kukagua mchoro, mwanangu."

Aliagiza beseni likinge matone, na maji yasipotee bure, yamwagilie maua ya ofisini. Maua yalikauka kabla mkaguzi hajamaliza chai yake. Mkuu akatuma yaletwe ya plastiki. Wote wawili wakakubaliana kwamba yanapendeza zaidi. Mwalimu aliwatazama wakitafuna biskuti katika harufu ile. Angewatapikia miguuni, na wao wangesogeza viatu tu. Alimeza mate, naye akajichukia kwa kuyameza.

Kwa binti yake alijaribu chupa ya maji ya nyumbani. Lakini nyumba za walimu zilikuwa kwenye pampu ile ile, na kuyachemsha kuliyaongezea povu tu.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulitoka wilayani, umefungwa kwa lakiri. Swali la kumi na moja: *Taja sifa tatu za maji safi.* Mvua ilikuwa ikinyesha safu ya tatu. Watoto waliandika kwa mkono mmoja, wa pili umebana pua. Binti wa mwalimu aliandika kwa mwandiko wa kupendeza: hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha.

Mwalimu alisimama nyuma yake akasoma. Alama tatu kwa tatu, hakuna pa kukata. Alitaka kumwuliza ameyaona wapi maji hayo. Lakini jibu lile ni yeye mwenyewe aliyemfundisha.

Kengele ikalia. Watoto walikusanya karatasi, wakaenda kupanga foleni kwenye mfereji. Zamu yake ilipofika, binti alikinga viganja, akafumba macho, akanywa.