Balozi Aliyeitwa Kueleza Kura ya Turufu

Barazani, mikono kumi na minne iliunga mkono barabara ifunguliwe, malori ya dawa yaingie katika mji uliozingirwa. Mmoja ukapinga. Ulikuwa wa taifa kubwa lenye kura ya turufu, basi shughuli ikaishia hapo.

Siku ya tisa baada ya kura, balozi wa taifa hilo aliitwa mbele ya mataifa yote aeleze sababu. Mkalimani aliingia katika kibanda chake cha vioo akiwa hajapata usingizi. Mdogo wake, mkunga, alikuwa ndani ya mji ule. Asubuhi alikuwa amemwandikia: "Dada, ganzi imekwisha. Wajawazito tunawapasua hivihivi."

"Leo si siku yako," aliambiwa na mwenzake wa zamu, mzee waliyemtania kwa jina la Kasuku.

"Nani atashika? Wewe mwenyewe sauti imekukauka."

"Haya. Lakini kumbuka, mwanangu, kasuku hana maoni."

Balozi akaanza kusoma. Kazini kwao mkalimani husema kana kwamba ndiye msemaji mwenyewe, hivyo akatafsiri: "Nchi yangu ilipinga kwa ajili ya amani." Ulimi ulikuwa mzito, akausukuma. "Hakuna anayewaonea raia wale uchungu kutushinda sisi." Hilo nalo akalisema. Balozi akafunua ukurasa, akatamka kwamba hospitali za mji ule zina dawa za kutosha.

Mkalimani akanyamaza. Ukumbini wajumbe wakaanza kugonga visikizi vyao, shingo zikageukia kioo. Kasuku akanyoosha mkono azime kipaza sauti, mkalimani akauzuia.

"Balozi anasema dawa zipo," alisema. "Mkalimani ana mdogo wake huko. Dawa hazipo."

Mjumbe wa kisiwa kimoja kidogo akasimama. "Mheshimiwa, umesikia. Jibu."

"Nimekuja kueleza, sikuja kuhojiwa," balozi alijibu, akakusanya karatasi zake. Mwenyekiti akamshukuru, akafunga kikao.

Kabla ya saa saba mkalimani alikuwa amekwisha nyang'anywa kitambulisho. Mjumbe yule alimkuta ngazini, akimpigia mdogo wake, simu ikiita bila kupokewa.

"Dada, balozi tutamwita tena."

"Akija mtamfanya nini?"

"Hakuna kanuni ya kumfanya lolote. Ataeleza tu."

Mkalimani akaketi palepale kwenye ngazi, akalia kama aliyefiwa na hajaonyeshwa maiti.