Damu Mdomoni mwa Mke wa Manseok

Mama Manseok hakuwa mtu wa kumsingizia mtu uchawi hivi hivi. Alitaka ushahidi, na asubuhi hiyo aliupata: mkwe wake alitoka chumbani alimolala Manseok mgonjwa na bakuli tupu, pembeni ya mdomo ana damu.

"Umekula nini wewe?"

Mkwe aliinamisha kichwa, akauficha mkono wa kushoto kwenye mikunjo ya sketi. Hakusema neno.

Kimya hicho ndicho kilichomkosesha mama mkwe usingizi. Kweli, mke mpya hajibizani na wakwe. Yeye mwenyewe alipoolewa alikaa miaka mitatu kama bubu, na alisifiwa sana. Lakini kimya cha huyu hakikumkaa rohoni. Alitoka Gamgol, ng'ambo ya mlima, ambako hawakuwa na ndugu wala rafiki wa kuulizia habari zake. Siku ya tano baada ya harusi, Manseok akaanguka kwa homa. Sasa kijana amebaki mifupa, na waganga wawili wameshakula kuku wao wakaenda zao.

Jirani yake, Mama Soedol, alikuja kusaidia kushindilia kabichi na pilipili mitungini. Mikono kazini, mdomo nao kazini.

"Shoga, mbwa wako anambwekea mkweo?"

"Ambweke wapi! Akimwona tu anajificha chini ya baraza."

"Basi huna mkwe hapo, una mbweha aliyejigeuza mwanamke. Mikia tisa yote imo ndani ya sketi ile. Anamnyonya mwanao kidogo kidogo, mwisho atafika kwenye ini."

"Usinitie wazimu, wewe."

"Haya, mwulize mbele yangu. Mtu akiitwa mbweha atakataa, hata wewe ungekataa. Mbweha atanyamaza."

Wakamwita uani. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka.

"Wewe wa Gamgol! U mtu au mbweha?"

Msichana aliinua uso. Machozi yalimtoka, kisha akainama kama alivyofundwa kwao.

"Umeona!" Mama Soedol alidakia. "Umeona mwenyewe!"

Mama Manseok alikamata ufagio. Akalitupa furushi la mkwewe nje ya lango, akamsukuma na yeye mwenyewe. Hofu ilikuwa imemjaa kifuani, na hasira ilimsaidia asiisikie.

"Toka! Rudi mlimani kwa wenzio!"

Msichana akapiga magoti kwenye theluji, akaagana naye kwa heshima zote, akaondoka.

Adhuhuri Manseok alifumbua macho.

"Mama, mke wangu yuko wapi? Sijapata dawa ya mchana."

"Dawa gani?"

"Damu yake. Anajing'ata kidole ananidondoshea mdomoni. Nilimkatalia, akasema baba yake alipona hivyo hivyo."

Dawa hiyo nani asiyeijua? Pale bondeni palikuwa na lango jekundu la heshima alilojengewa mke mmoja wa zamani kwa tendo hilo hilo, na Mama Manseok mwenyewe kila alipopita alilisujudia. Moyo ulimuuma kwa aibu.

"Ameenda kisimani," alidanganya. "Dawa nitakupa mimi."

Alitia kidole mdomoni, akang'ata. Meno yalikuwa yamebaki mawili, tena hayakutani. Kidole kilitoka kimelowa mate tu. Akaenda jikoni akaleta kisu cha kukatia kabichi. Akakiweka juu ya ngozi, akafumba macho, akahesabu hadi tatu. Akahesabu tena. Alimpenda mwanawe kuliko roho yake, lakini mkono ulikataa.

"Upo, Mama?" Manseok aliuliza.

"Nipo, mwanangu."

Manseok akafumba macho, akafungua mdomo, akangoja.