Mkono Usiowashwa na Pilipili

Hapa Szeged, mji wa Hungaria unaoishi kwa pilipili, mwanamke anayepasua pilipili kisha mikono ikavimba na kuwa myekundu huchekwa msimu mzima. Mama yangu, Rozália, hakuwahi kuchekwa. Kwa miaka arobaini alizipasua zile kali za kizamani, akikwangua utando mweupe wenye moto wote, na mikono yake ikatulia tuli. Nilimwonea fahari, mpaka vuli ile kisu kilipomkata gumba la kushoto.

Hakuhisi. Kati ya wekundu wa pilipili, damu aliijua kwa utelezi wake tu. Wiki tano baadaye kidonda kilikuwa wazi, kimepauka, hakivimbi wala hakifungi. Daktari alisema kikianza kuoza, gumba litakatwa.

"Hakiumi, basi kinapona," mama alisema.

"Kinapona wapi, mama?"

"Mwache, Bori," alidakia jirani yetu Verona, aliyekuwa akipasua pilipili nao uani, kisu mkononi. "Si wewe uliyepasua pilipili tatu tukakutafutia ndoo ya maziwa ya kutulizia mikono?"

Mimi nilikuwa fundi wa maabara chuoni. Kazi yetu ilikuwa kupaka panya mafuta ya haradali. Ngozi ya kawaida huwaka na kuvimba. Ile iliyozoweshwa ukali wa pilipili kwa siku kadhaa hubaki kimya. Niliyaandika hayo daftarini miaka sita bila kumkumbuka mama yangu hata siku moja. Niliona aibu mno.

Jioni hiyo nilijipaka mafuta yale mkononi, nikampaka na yeye. Wangu ukawa mwekundu. Wake, wapi!

"Nani mshindi?" akacheka.

"Mama, huu wekundu ni msaada unafika. Neva ikiunguzwa inaachia vijiprotini. Vinakwenda kushika vipokezi vyake kwenye mishipa ya damu, mishipa inafunguka, askari wa mwili wanaingia. Neva zako umezichosha. Kidonda kipo, ila hakuna aliyeitwa."

Aliigeuza mikono yake, akaitazama.

"Kwa hiyo mikono nimeiua mwenyewe?"

"Hujaiua. Weka kisu chini, ipumzike."

"Msimu wote? Nikae kama mgeni kwenye ua wangu?"

"Ukae na gumba lako."

Sikuwa na hakika. Panya si mama. Lakini aliweka kisu, akakaa mikono mapajani huku wenzake wakimuuliza kama amezeeka, na mimi nikawachukia wote, hata Verona.

Wiki ya saba tangu kisu kimkate, akitia chumvi samaki wa supu, alipiga ukelele. Nilimkuta ameshika gumba. Kingo za kidonda nyekundu, machozi yanamtiririka.

"Kinawaka, Bori! Kinawaka moto!"

Nikamkumbatia, nikacheka kwa sauti, naye akanisukuma kwa kiwiko.

"We mtoto una wazimu? Unafurahi mama yako akiumia?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nafurahi sana."