Bodi ya Mama Kanana

Siku ile mjinga alikuwa Salesio Thuranira mwenyewe, tusimtafute mwingine wa kumtwika. Mzee aliyemaliza ujana wake kwenye usukani, aliyewafunza vijana wa Kiirua kwamba gari kuukuu hukaguliwa kuanzia tumboni maana uso hupakwa rangi, alikwenda Siakago, akatazama uso tu, akanunua.

Kisa ni maandishi. Lori lake la zamani, Bedford, lilikuwa na bodi ya mbao, na pale juu ya paji la uso seremala alichonga MAMA KANANA, yaani Karwirwa, mkewe. Karwirwa alipozikwa, Salesio aliliuza lori kwa hasira, kama mtu anayemfukuza mbwa aliyeshindwa kulinda boma. Hakujua kwamba anawauza na wageni wake pamoja nalo. Zamani mlango haukupumzika: huyu ana viazi vya kupeleka Meru, yule ana mbuzi wa mahari wa kufikishwa kwa wakwe Kianjai, na wote lazima wanywe chai kwanza. Lori lilipoondoka, chai ikawa ya kikombe kimoja. Hata mbwa akaacha kubweka. Angembwekea nani?

Basi aliposikia kwamba huko Siakago kuna mabaki ya lori yenye jina hilo, hakungoja kusikia mara ya pili. Alilikuta uani kwa mfanyabiashara aitwaye Njue, limelala kwenye nyasi kavu, kioo hakuna, mdomo umepinda.

"Lilianguka na mchanga," Njue alisema. "Lakini injini nzima, mzee. Ni majeraha ya nje tu."

"Hata maiti wengine huwa na majeraha ya nje tu," Salesio akamtania.

Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye zile herufi, na macho yalikuwa yamelowa. Hakutaka kuinama chini ya lori, kisha mgeni amwone akiinuka huku anafuta uso. Wakapatana hapo hapo.

Lilivutwa na lori jingine njia yote hadi Kiirua. Yeye alikaa kwenye usukani, upepo ukimpiga kifuani, akiwapungia mkono watu wa Embu, wa Runyenjes, wa Chuka, kama bwana harusi aliyemsahau bibi harusi kanisani.

Nyumbani, jirani yake Riungu alichungulia juu ya ua.

"Thuranira! Umenunua banda la kuku?"

"Ndiyo. Ingia utage!"

Riungu alicheka, akaenda zake. Hakuingia. Chai ikapoa.

Kulipokucha Salesio alijilaza chini ya lori kwenda kulisalimia kovu. Chesisi ya lori lake, ule uti wa mgongo wa chuma, iliwahi kupasuka ikachomelewa Kianjai, na kovu lile alilijua kama anavyolijua goti lake. Alipapasa mbele. Akapapasa nyuma. Chuma kilikuwa laini, hakijawahi kuguswa na moto.

Ndipo akakumbuka jambo ambalo kila dereva wa huku analijua: bodi nzuri ya mbao haizikwi na lori lake. Huvuliwa, ikavishwa lori jingine, kama koti la marehemu. Lori lake huenda lilishayeyushwa kitambo likawa masufuria. Hili lilikuwa la mtu baki, limevaa koti la Karwirwa.

Alibaki pale chini, mgongo kwenye udongo baridi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia ainuke.

Jumapili Kanana, bintiye, alifika kutoka Embu alikoolewa. Mumewe ndiye aliyemwona mzee akivutwa katikati ya mji. Salesio humwita mama, kwa sababu binti alirithi jina la nyanya yake, mama mzazi wa Salesio.

"Baba, uza vyuma hivi."

"Siuzi, mama. Nitalijenga."

"Na si lako! Umeniambia mwenyewe."

"Ng'ombe wa kununua naye hakuzaliwa kwako, na maziwa unakunywa."

"Basi njoo tukae Embu."

"Na watu wakija hapa, nani atawafungulia?"

"Watu gani, baba?"

"Watakaokuja likiwaka." Alizipiga mbao kwa kiganja, vumbi likaruka. "Wewe hujaishi kwenye nyumba isiyopigwa hodi. Hakuna anayenikumbuka. Hata wewe umekuja kwa sababu ya lori, si ndiyo? Sasa unaniambia halifanyi kazi! Halijawaka, na limeshaniletea mtu kutoka Embu."

Akacheka, akitazama kama naye atacheka. Kanana hakucheka. Alipangusa vumbi kwenye zile herufi kwa pembe ya leso, taratibu, hadi jina likatoka wazi.

"Jina langu umelifuata mpaka Siakago, baba. Mimi mwenyewe niko Embu. Ulinipita ukienda, na ukanipita ukirudi, unapunga mkono."