Mtu Asiniite Nikiwa Pale

Akinyi alikuwa na sababu ya kukichukia kimya cha mumewe, na sababu yenyewe ilikuwa imezikwa Ahero.

Si kwamba aliichukia dini. La hasha! Walisilimu pamoja, siku moja, mbele ya Ustadh Wechuli. Robinson akawa Idrisa, naye akawa Rukia, ingawa akina mama waliopara samaki naye pale ufuoni Dunga waliendelea kumwita Akinyi, hilo jingine hata hawakulijua. Mumewe peke yake ndiye aliyemwita Rukia. Ustadh aliwafundisha tafakuri: ukishaswali alfajiri, kaa utazame alichokiumba Mola, maji, ndege, mawingu, unyamaze mpaka moyo nao unyamaze. Akinyi hakuhitaji mahali maalumu. Alikuwa akimpara samaki, akitazama magamba yalivyopangwa moja juu ya jingine bila hata moja kukosea mahali pake, na machozi yanamtoka tu. Anasema alhamdulillahi kimoyomoyo, anamgeuza samaki upande wa pili. Mungu alikuwa karibu naye pale kuliko kisu alichokishika.

Idrisa yeye alitaka mahali pake. Pembeni mwa ufuo, mafunjo yamesongamana mpaka yanaelea juu ya maji kama mkeka mnene. Alitandaza mbao mbili za kupitia, akalaza mafunjo, akaweka kigoda. Kila asubuhi alikaa hapo na kanzu yake nyeupe, uso ziwani, mgongo kwa watu. Na tuseme ukweli, kimya kile kilimbadilisha. Mtu aliyekuwa akirudi nyumbani chakari, akitukana mpaka majirani, sasa anawaruka siafu njiani asije akawakanyaga! Lakini huruma yake iliishia kwa siafu na ndege, hiyo ndiyo shida. Ustadh alimwambia waziwazi: "Idrisa, ukitoka kwenye tafakuri ukiwa mkali kwa mkeo, hukuwa na Mungu kule. Ulikuwa na wewe mwenyewe." Idrisa akacheka.

Basi masika ya mwaka jana mto ukavunja kingo, Ahero ikaingia majini. Mama yake Akinyi, Seline, alitolewa nyumbani mgongoni mwa mtu, mgonjwa mahututi. Kaka yake Gordon akapiga simu: "Mama anakuita. Njoo sasa hivi, barabara bado inapitika." Bodaboda wote waliikataa safari hiyo. Iliyobaki ni pikipiki ya nyumbani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa kanzu ya Idrisa.

Akinyi akaenda hadi kwenye zile mbao. "Mzee, samahani. Ni mama..."

Idrisa hakugeuza hata shingo. Aliinua kidole, akakiweka juu ya midomo yake.

Akinyi akasimama pale na simu mkononi, Gordon akipiga kelele ndani yake. Saa nzima! Idrisa alipomaliza alitoka taratibu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meza za samaki: "Mtu asiniite nikiwa pale. Hata nyumba ikiwaka moto. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Walipofika karibu na Ahero, maji yalikuwa yameikata barabara. Akinyi aliingia siku ya tatu. Seline alikuwa amekufa jana yake, na kila mlango ulipofunguliwa alikuwa akiuliza kama ni Akinyi. Idrisa alisema inna lillahi, akalia kidogo, na waliporudi Dunga, kesho yake asubuhi alikuwa kwenye kigoda chake.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa nane. Upepo ulikuwa ukitoka nchi kavu kuelekea ziwani. Akinyi aliinua macho kutoka kwenye beseni akaona ncha za zile mbao zikitumbukia majini. Pande zima la mafunjo lilikuwa limekatika, na Idrisa juu yake, macho kayafumba, tasbihi ikizunguka vidoleni. Nafasi kati yake na nchi kavu ilikuwa ya hatua moja. Ikawa ya hatua tatu. Idrisa hakujua kuogelea, na Akinyi alijua hajui. Laban, mwenye boti la injini, alikuwa ameinama hatua kumi kutoka hapo, akikung'uta nyavu. Neno moja tu lingetosha.

"Yawa, Akinyi!" Becky, mkaanga samaki, alisimama na mwiko mkononi. "Yule si mzee wako? Mbona amekaa mbali hivyo leo?"

"Anamkumbuka Mungu," Akinyi akasema. "Hataki kuitwa."

Becky aliikumbuka ile siku ya simu, nani aliisahau? Akasonya, akaenda kutafuta makaa.

Akinyi alifurahi. Wacha tuseme hivyo hivyo, tusimpake mafuta. Alisikia furaha ya moto tumboni, na mikono yake ikaendelea kupara.

Idrisa alipofumbua macho alikuwa tayari ameshafika mbali. Alisimama, mafunjo yakainama, akakaa upesi. Akautazama ufuo, akamwona mkewe.

"Rukia!"

Wavuvi waliosikia walidhani ni watu wa maboti wanaitana. Pale ufuoni hawakumjua Rukia yeyote. Akinyi alisimama wima ili aonekane vizuri. Akainua kidole kilichojaa magamba, akakiweka juu ya midomo yake.

"Rukia! Rukia!"

Kisha magugu marefu yanayoelea ziwani yakapita katikati yao, Akinyi akawa haoni kitu. Akinyi alimaliza beseni lote ndipo akamgusa Laban begani: "Mzee wangu simwoni."

Laban aliondoa boti bila hata viatu. Adhuhuri walilipata lile pande la mafunjo, kigoda juu yake, tasbihi imenaswa kwenye shina. Idrisa mwenyewe alipatikana siku ya tatu.

Ustadh Wechuli alilia mbele za watu. Alisema ndugu yao alizama katika dhikri hata asiombe msaada, na huo ni mwisho mwema. Becky naye alilisimulia soko zima la Kibuye jinsi Akinyi alivyoiheshimu ibada ya mumewe, mpaka hata akina mama wasio Waislamu wakawa wanakuja kumwomba awaombee. Mke mwenye adabu! Akinyi aliwaitikia, akawaombea.

Lakini magamba hayamlizi tena. Anayatazama, ananyamaza, anangoja ule ukaribu wa zamani, na kimya kinapokuja anasikia jina lile ambalo hakuna aliye hai anayemwita kwalo. Mara tatu, kila mara.

Juzi alimwendea Ustadh. "Je, mtu anaweza kumtafuta Mungu penye kelele? Mimi kimya kimenishinda."

Mzee wa watu alimtazama kwa huruma. "Usikate tamaa, mama. Wewe nyamaza tu. Ukinyamaza sawasawa, utasikia unaitwa."

Akinyi alirudi kwenye meza yake, akafungua redio mpaka mwisho.