Kiti Kinachotazama Watu

Tangu walipomzika binti yake Specioza, bibi Nyanjige alikuwa haisikii ladha ya chumvi. Si kwamba hakula. Alikula, maana majirani wa Nkoma hawakumwacha. Huyu alileta maziwa ya mgando, yule ugali wa mtama, na mke wa Limbu alikuja kila asubuhi na michembe, viazi vilivyokaushwa, aliyoichemsha mpaka ikalainika, kwa sababu alijua meno ya bibi yamebaki machache. Bibi alishukuru, akatafuna, akameza. Kinywani ilikuwa kama anatafuna pamba. Machozi nayo hayakuja. Watu wakasema bibi ni shupavu. Yeye alijua si ushupavu. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaufinya, na unaona ni mguu wa mtu mwingine.

Sasa ilikuwa Juni, mwezi wa pili baada ya mazishi, na mjukuu wake Joyceline, mtoto pekee wa Specioza, alikuja kumchukua kwa gari pamoja na mchumba wake. Joyceline alikuwa muuguzi Bariadi mjini. Mchumba, Laurean, alikuwa afisa mifugo, mtu wa Bukoba aliyeletwa Simiyu na kazi. Harusi ilipangwa Agosti, pamba ikishauzwa, na Specioza mwenyewe kabla hajafa alisema isiahirishwe. Alitaka ifanyike kando ya ziwa. Kilichobaki kilikuwa mahali tu.

Lakini katika nyumba ile mahali pa sherehe hapachukuliwi hivihivi. Mama mkubwa wa nyumba hukaa kwanza pale, akala kitu, halafu akasema, "Hapa." Siku za harusi ya Nyanjige, mama mkwe wake alikaa juu ya jiwe uwanjani, akatafuna karanga mpaka zikaisha, ndipo akasema. Neno lile lilitoka tumboni. Nyanjige aliogopa kwamba lake litatoka mdomoni tu, na mtoto ataingia kwenye ndoa akiwa amebeba neno tupu.

"Bibi, ndugu zake Laurean wanasubiri jibu leo jioni," Joyceline alisema wakiwa njiani. "Tusipowapa, wanasema tusogeze mpaka mwakani."

"Nimesikia."

"Kwetu bibi harusi huletwa kwa mtumbwi," Laurean alisema, akimtazama bibi kwenye kioo. "Huyu wa kwenu nimewaambia ataogelea."

"Mwache. Bibi yangu akiona maji mengi anashika ukuta, atakushika wewe shingo."

Walimngoja acheke. Bibi alijua wanangoja, akavuta midomo kidogo. Laurean alipandisha vioo, maana vumbi la njia ya mchepuko lilikuwa limeanza kuingia, na waliposimama Bariadi kuweka mafuta akalikunja koti lake na kuliweka nyuma ya mgongo wa bibi bila kuambiwa. Bibi aliona. Akaliweka jambo hilo akilini, kama mbegu ambayo hujui utaipanda lini.

Mahali pa kwanza, ufukweni Lamadi, palikuwa na sakafu ya vigae na meneja aliyefunga tai, jina lake Januarius. Aliwapokea kwa adabu zote. Akamshika bibi mkono mpaka kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa cheupe.

"Hiki ndicho cha mgeni wa heshima," alisema. "Tumekielekeza ziwani. Hakuna kinachomkinga."

Kweli hakikuwepo. Maji yalianzia miguuni pa bibi yakaenda mpaka yakawa mbingu. Nkoma maji ni lambo. Ukisimama upande huu unaona ng'ombe wa jirani wanakunywa upande wa pili, unamwita jirani kwa jina. Maji yasiyo na ng'ambo yalimzungusha kichwa tangu ujana. Akafumba macho. Wakamletea biskuti na soda, akala biskuti, akanywa soda. Joyceline alichuchumaa mbele yake akimtazama mdomo.

"Bibi?"

"Pazuri."

"'Pazuri' siyo 'Hapa', bibi."

"Najua."

Walirudi garini. Joyceline alikaa nyuma na bibi yake, hakukaa mbele. "Kama hutaki ziwa, sema. Tutachukua ukumbi Bariadi, sitanuna."

"Sijui ninachotaka, mwanangu. Ningejua nisingekuficha."

Joyceline alitoa simu ya mama yake, aliyokuwa bado anatembea nayo. "Kuna namba moja humu. Ameandika 'Lamadi samaki'. Nimeipiga jana, mama mmoja akasema wana uwanja, wanafanya na sherehe. Tupite hapo, halafu turudi nyumbani."

Palikuwa padogo. Mabanda matatu ya makuti, uwanja wa mchanga uliofagiliwa, jiko la nje lenye ukuta wa matofali. Mama mnene aliyejifunga kanga alikuwa anakaanga sato. Jina lake Eufrasia.

"Mwadila, mayu," alimsalimia bibi kwa Kisukuma, akimwita mama, huku akifuta mikono.

"Mwadila."

Eufrasia alimtazama bibi, akatazama goti lake lililovimba, kisha akamgeukia Joyceline. "Ninyi ni wa Nkoma? Wewe ndiye Joyceline?"

"Ndiye mimi."

Eufrasia aliingia ndani, akatoka na kiti cha mikono, akakiweka kivulini mwa ukuta wa jiko, mgongo wake ukielekea ziwani. Akarudi akaleta na kigoda cha kuwekea mguu.

"Kaa, mayu. Hapa hutayaona maji."

Bibi alikaa. "Nani amekwambia?"

"Binti yako. Alikuja Machi, ameshuka kwenye basi la Mwanza, bahasha ya hospitali kwapani. Nilidhani amechanganyikiwa. Kila kiti anakaa, anainuka, anakigeuza. Nikamwambia, mama, watu huja hapa waone ziwa. Akasema, mama yangu atakuja aone watu." Eufrasia alicheka. "Akaniuliza jua linafika hapa saa ngapi. Akaniambia spika isikae kushoto, maana sikio lako la kushoto ndilo linalosikia. Akatembea mpaka chooni akihesabu hatua."

"Ngapi?" bibi aliuliza.

"Kumi na nne. Nikamwambia, huyo mama yako ni malkia? Akasema, ni mkali kuliko malkia. Mwenyewe hajambo? Mbona hamkuja naye?"

Joyceline aliinamisha kichwa. Laurean akatazama funguo za gari.

"Tulimzika Aprili," bibi alisema.

Eufrasia aliweka mkono kifuani. Kisha akaenda jikoni, akachukua maji ya moto, akayachanganya na ya baridi, akayajaribu kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto. Akaja akamnawisha bibi mikono yote miwili, polepole, mpaka kwenye vifundo.

Bibi aliikumbuka siku hiyo ya Machi. Specioza alifika nyumbani giza limeshaingia, akasema basi lilipasuka gurudumu. "Ugali umekuwa jiwe," bibi alimfokea. "Mtu mgonjwa unazurura." Specioza akaula ugali ule baridi, anacheka, wala hakujitetea.

Kumbe alikuwa hapa, akigeuza viti.

Mbele ya bibi palikuwa na uwanja, mahali watu watakapokaa. Angemwona kila anayeingia. Nyuma yake maji yalikuwa yanagonga ufukwe kwa sauti ndogo ndogo, na kwa kuwa hakuyaona, yalikuwa kama ng'ombe wengi wanaokunywa lamboni. Kichwa hakikuzunguka. Eufrasia alimletea samaki na ugali, akamchambulia miiba upande mmoja, akaondoka ili asimsimamie.

Bibi alimega, akala. Akamega tena. Akaacha kutafuna.

"Chumvi imezidi," alisema.

Joyceline alikuwa anazungumza na Laurean. Akageuka katikati ya neno.

"Pole, mayu," Eufrasia aliitikia jikoni. "Nikubadilishie?"

"Usibadilishe. Imezidi, lakini niache nile."

Alikula akiwa ameinama, mpaka mifupa ikabaki mitupu sahanini. Joyceline alikuja akapiga magoti mchangani mbele yake. Bibi alijipangusa vidole kimoja kimoja, akaupigapiga mkono wa kiti kama mtu anayemtuliza ndama.

"Hapa," alisema.

Laurean aliinuka, akaenda nyuma ya gari kuwapigia ndugu zake.

"Na siku hiyo huyu mama apunguze chumvi," bibi aliongeza.

Machozi hayakuja hata hapo. Kilichokuja ni kiu. Akaomba maji ya kunywa, na Joyceline alipomletea kikombe, aliyanywa yote, akakirudisha kikombe ili kijazwe tena.