Malkia wa Risasi

Kaka yangu Khubaib alikuwa na sanamu thelathini na moja za madini ya risasi, kila moja urefu wa kidole gumba: mazimwi, wachawi, wapiganaji wa nchi zisizokuwepo. Alizipata kwa baharia mmoja Mwingereza alipokuwa karani bandarini Kilindini, na kiwanda kilichozitengeneza kilishafungwa zamani. Thelathini alizipaka rangi mwenyewe, kwa brashi ya nywele chache. Kisha ugonjwa wa sukari ukampofua jicho la kulia, na la kushoto likaanza kufifia.

Ilibaki moja, malkia wa majini. Huyo ndiye aliyempenda kuliko wote, kwa ajili ya uso wake: midomo iliyokaribia kucheka, nyusi nyembamba kama uzi.

"Nipakie rangi wewe, Fadhiya," aliniambia Januari 1994. "Nimwone amekamilika kabla jicho hili nalo halijaniaga."

Nilimwahidi. Wiki ile ile chuo kikanipeleka Kilifi kwa mazoezi ya kufundisha, muhula mzima. Niliona haya kumrudishia kaka kazi nisiyoianza. Chumbani kwangu ndiko mama alikoswalia, na hakutaka sanamu yenye uso humo. Basi nikamficha malkia stoo, kabatini, nyuma ya chupa za achari.

Niliporudi Aprili nilimkuta mweupe kama aliyepakwa unga. Nikampangusa kwa kitambaa. Unga ukatoka, pua ikatoka nao, kisha midomo.

Nilimpeleka kwa Mzee Taib, sonara wa mtaani kwetu.

"Bibi harusi gani huyu, kajipaka poda hivi?" akacheka. Kisha akamnusa, kicheko kikakatika. "Alikuwa wapi?"

"Kabati la achari."

"Siki imemla, mwanangu. Mvuke wake tu watosha kuila risasi."

"Hatengenezeki?"

"Uso naweza kuuchonga. Lakini utakuwa wangu mimi, si wake."

Nikamchukua kama alivyo. Nyumbani mama alimtazama, akasema kwa upole, "Sasa hana uso. Mlete tu chumbani." Nililia, naye hakujua alichonikosea.

Nilimpaka kwa siku tatu. Taji dhahabu, mikono ya shaba, joho la kijani lenye vivuli kwenye kila kunjo. Pale palipokuwa uso sikupaka kitu.

Asubuhi ya Jumapili nilimkabidhi kaka, amekaa dirishani, mahali penye mwanga mwingi kuliko kwengine nyumbani mwetu. Akamsogeza malkia hadi karibu kugusa kope zake. Alikaa hivyo muda mrefu, mimi nimeshika mlango.

"Kaka," nikasema, "uso haupo. Nilimweka kwenye achari, siki ikamla. Ni mimi."

Hakugeuka.

"Januari ningeuona," alisema. "Hata Februari. Sasa hata ungekuwepo, Fadhiya, naona rangi tu."

Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, akaenda zake.

"Joho umelipaka jekundu," kaka akasema. "Zuri."

Nilitaka kumwitikia, niseme ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Kijani, kaka."

"Kijani," akarudia polepole. Akamgeuza malkia kwenye mwanga, akampindua, akamgeuza tena, akiitafuta rangi ya kijani.